Hoteli na maegesho kabla ya meli: anza na gari, chumba kitafuata

Swali: Tunasafiri na meli ya kitalii kwa mara ya kwanza. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 11, 7 na 2) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Meli inaondoka Jumamosi saa kumi jioni na kurudi Jumamosi inayofuata alfajiri. Kutoka nyumbani hadi bandarini ni mwendo wa saa sita kwa gari. Mume wangu anasema tuamke usiku twende moja kwa moja, hela ya hoteli tukaitumie melini. Mimi naona tulale huko Ijumaa. Halafu gari tuliache wapi wiki nzima? Bandarini bei ni kubwa, hoteli zinatangaza kulala pamoja na kuegesha, na kuna viwanja vya watu binafsi vya bei nafuu. Nimechanganyikiwa.

Jibu:

Dada, laleni huko Ijumaa. Ila nianze na shemeji, maana hoja yake si ya kipuuzi. Chumba cha usiku mmoja kwa watu sita ni hela ya maana, na kwenye karatasi hesabu yake inakubali: mkiondoka saa kumi usiku mnafika saa nne asubuhi, meli inaondoka saa kumi jioni, mna saa sita za akiba. Shida ni kwamba ile saa kumi jioni si yenu. Hiyo ni saa ya meli kung'oa nanga. Milango ya kupandia inafungwa mapema zaidi, kwa kampuni nyingi saa moja au moja na nusu kabla ya hapo, na kila familia hupewa muda wake wa kufika ambao kwa kawaida huangukia kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Kwa wanaopandia Marekani kuna sababu ya kisheria pia: orodha kamili ya abiria inatakiwa iwe imefika kwa maofisa wa forodha na mipaka angalau dakika 60 kabla ya meli kuondoka. Orodha ikishapelekwa bila majina yenu, yule dada wa kaunta hata akiwaonea huruma hana la kufanya.

Kwa hiyo akiba ya shemeji si saa sita. Ni kama nne. Toa humo vituo vya mtoto wa miaka miwili, toa vituo vya mama wa kunyoosha magoti, toa foleni ya kuingia bandarini Jumamosi, siku ambayo meli kadhaa hupakia kwa pamoja, toa na muda wa kuegesha. Inabaki nafasi ambayo ajali moja ya lori barabarani inaimeza yote, wala si lazima iwe ajali yenu.

Na meli ikiwaacha, msidhani mtaifukuzia bandari inayofuata kama mnavyofukuzia basi stendi ya mbele. Wakati mwingine inawezekana, kwa gharama zenu: tiketi sita za ndege za kununua siku hiyohiyo, pasipoti na viza za nchi ile. Wakati mwingine haiwezekani kabisa. Marekani ina sheria ya abiria wa vyombo vya majini ya mwaka 1886 inayozuia meli yenye bendera ya kigeni kumchukua abiria bandari moja ya nchi hiyo na kumshusha bandari nyingine ya nchi hiyohiyo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Meli kubwa za kitalii karibu zote zina bendera ya Bahamas, Panama, Malta, Bermuda na kwingineko. Kwa hiyo mnaweza kuwahi bandari ya pili na bado mkakataliwa kupanda, kwa sababu ya njia ambayo meli inapita. Mwambie shemeji hoteli ya Ijumaa ni bima ya bei nafuu kuliko zote atakazouziwa. Bima yenyewe ya safari nunueni pia, na msome kipengele cha kuchelewa kuondoka: ziko zinazolipa gari likiharibika njiani na ziko zisizolipa.

Sasa gari. Watu wengi huanza kwa kutafuta hoteli, wakipata chumba kizuri ndipo wanauliza gari litakaa wapi. Mimi nashauri mgeuze. Hoteli ni ya usiku mmoja, gari litakaa siku nane. Pale gari linapolala ndipo panapoamua ni hoteli ipi inawafaa, asubuhi mtafikaje melini, na mkirudi mtapanda nini na mabegi yenu.

Kabla hamjaangalia bei yoyote, fungua tiketi utafute jina kamili la jengo la abiria, siyo jina la mji. Matangazo ya meli yana ukarimu mkubwa na majina ya miji. Ukiambiwa meli inaondoka New York, inaweza kuwa Manhattan, inaweza kuwa Brooklyn, au Cape Liberty ambayo iko Bayonne, jimbo jingine kabisa la New Jersey. Los Angeles inaweza kuwa San Pedro au Long Beach. Meli ya "Roma" inapakia Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini; ya "London" mara nyingi inapakia Southampton, zaidi ya kilomita 100; ya "Paris" inapakia Le Havre, pwani kabisa. Wanaoambiwa Orlando wanaishia Port Canaveral, karibu saa nzima kwa gari. Hata ndani ya bandari moja majengo yanaachana: Southampton ina matano, na lango la kuingilia la moja si la jingine. Barcelona baadhi ya meli hufunga karibu kabisa na katikati ya mji, nyingine mbali kwenye gati refu la Moll Adossat, ambako mtu hatembei na mabegi. Weka jina la jengo kwenye ramani ya simu, pima umbali kutoka hapo, na wiki ya safari hakikisha tena, kwa sababu meli huhamishwa gati.

Tukija kwenye maegesho, nianze na ya bandarini yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayowatisha wengi kwa bei na ndiyo ninayowapendekezea nyinyi. Hivi ndivyo asubuhi ile inavyokwenda. Shemeji anasimamisha gari mbele ya jengo la abiria, kwenye njia ya kushushia. Wapagazi wanakuja na vitoroli vyao, wanachukua mabegi makubwa yenye lebo za meli, na hapo mmeshaagana na mabegi hadi jioni mtakapoyakuta mlangoni mwa kabini. Wewe, mama na watoto mnashuka na mikoba tu. Shemeji peke yake anapeleka gari kwenye maegesho na kurudi kwa miguu au kwa basi dogo la bandari. Mama hajapanda ngazi ya basi lolote, mtoto hajahamishwa kiti, na hakuna aliyebeba sanduku. Siku ya kurudi mnafanya kinyume chake: mnatoka forodhani, mnakaa kwenye benchi, gari linakuja.

Wapagazi wapeni bakshishi kidogo pale mahali penye desturi hiyo. Na lebo za mabegi chapisheni nyumbani lakini mzifunge hotelini usiku wa Ijumaa. Zikifungwa nyumbani, zikapita saa sita kwenye buti zikisuguana, mojawapo itachanika.

Hesabu ya maegesho ndiyo inayowaponza wengi. Safari yenu inaitwa ya usiku saba, kwa hiyo mtu anazidisha bei ya siku kwa 7. Bandari nyingi zinahesabu siku za kalenda: siku ya kuingia ni siku, siku ya kutoka ni siku, hata kama mmetoka saa mbili asubuhi. Jumamosi hadi Jumamosi ni siku 8. Nyingine zinahesabu kila saa 24 tangu mlipochukua tiketi getini. Hapo mkiingia saa tano asubuhi na kutoka saa tatu asubuhi wiki inayofuata, mmelipa 7. Maneno mawili madogo kwenye tovuti yanaongeza siku nzima, kwa hiyo yasomeni. Angalieni pia kama lazima kuweka nafasi mapema au mnaingia tu na kulipa, kwa sababu zote mbili zipo, na wikiendi za likizo maegesho hujaa.

Jambo jingine ni kimo cha gari. Familia ya watu sita huwa na gari kubwa, na mara nyingi na lile boksi la mizigo juu ya paa. Maegesho ya ghorofa yana kikomo cha kimo, mara nyingi mita mbili na kidogo, na kile chuma kinachoning'inia getini hakina msamaha. Pima gari likiwa na boksi. Mkizidi kimo, uliza kama kuna uwanja wa wazi, na kama gari linachukua nafasi mbili mtatozwa mara mbili; bandari nyingi hufanya hivyo kwa magari marefu na yenye tela. Kama mama ana kibali cha walemavu, uliza kama kinapunguza bei au kinawapa nafasi karibu na lifti. Kila bandari ina utaratibu wake.

Viwanja vya watu binafsi si vibaya kwa asili yake. Kuna vinavyoendeshwa vizuri, vina uzio, taa na walinzi, na bei yake ni nafuu kweli. Lakini bei hiyo ina basi ndani yake, la kuwatoa kiwanjani hadi bandarini na kuwarudisha. Kwenda mnaweza kulidanganya: shusheni familia pale jengo la abiria kwanza, kisha shemeji aende peke yake kuegesha na kurudi na basi. Kurudi ndiko kwenye kazi. Meli za siku hizi zinabeba watu wengi mno. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Wote hao wanashuka asubuhi moja, na kila aliyeegesha nje ya bandari anapiga simu ileile kuuliza basi liko wapi. Wenyewe mnaweza kufanya ujanja uleule: shemeji aende na basi, nyinyi mbaki mmekaa ndani. Ila msitegemee kwamba atarudi upesi, na bandari nyingine haziruhusu watu kukaa muda mrefu ukumbini baada ya kutoka forodhani.

Mkiamua kiwanja binafsi, piga simu, usitegemee tovuti. Muulize basi lina viti vingapi, linaenda kila baada ya muda gani Jumamosi, na anuani halisi ya uwanja ni ipi, kisha anuani hiyo uione kwenye picha za setilaiti: ni uwanja wa magari au ni nyasi nyuma ya karakana? Uliza kama funguo wanabaki nazo wao. Kuna huduma, hasa Southampton, ambapo dereva wao anawapokea mlangoni pa jengo la abiria na kuondoka na gari lenu, kisha anawaletea mkirudi. Kwa mwenye magoti mabovu ni raha, lakini mnamkabidhi mtu msiyemjua gari kwa wiki nzima. Piga picha za pande zote nne na ya kilomita kwenye dashibodi, mbele yake, bila aibu. Soma pia karatasi unayosaini inasema nini kuhusu gari kugongwa.

Kifurushi cha hoteli, yaani kulala usiku mmoja na gari kubaki hapo hadi mrudi, ndicho kinachotangazwa sana na ndicho chenye vifungu vingi. Kwa watu wawili wasio na watoto ningesema kichukueni, kinalipa. Kwa sita nina mashaka. Basi la kwenda bandarini likiwa linatozwa kwa kichwa, zidisha kwa sita, kisha kwa mbili, na uone unafuu ulipokimbilia. Mara nyingine basi ni la kwenda tu, kurudi mnajitafutia. Mara nyingine gari halibaki pale hotelini mlipoliona, linahamishiwa uwanja mwingine, na ndiyo maana wanaomba funguo mapokezi. Kifurushi kikisema "hadi siku 7", kumbuka nyinyi mnaingia Ijumaa na kutoka Jumamosi ya wiki inayofuata: gari litalala hapo usiku nane na kugusa siku tisa za kalenda. Waulize siku ya ziada ni kiasi gani, na jibu lije kwa maandishi, barua pepe au ujumbe wa simu, lenye jina la aliyejibu. Mhudumu wa zamu ya Ijumaa usiku hatakuwa yule uliyeongea naye mwezi uliopita.

Kuna kiti cha mtoto pia. Wa miaka miwili lazima akae kwenye kiti chake cha gari, na wa miaka saba sehemu nyingi bado anahitaji kiti cha kumnyanyua. Mabasi madogo ya hoteli kwa kawaida hayana viti hivyo, na mikanda yake wakati mwingine ni ya kiunoni tu. Mkibeba viti vyenu ndani ya basi, basi vitakwenda nanyi hadi melini vikale nafasi ya kabini ambayo tayari ni finyu. Mkienda na gari lenu hadi bandarini, viti vinabaki vimefungwa palepale na mnavikuta mkirudi. Hilo peke yake, kwangu, linaisogeza mizani upande wa maegesho ya bandari.

Chaguo la nne ni kukodi gari la njia moja, mkalirudisha mjini kule na la kwenu mkaliacha nyumbani. Kwa safari ndefu au za kuanzia bandari moja na kuishia nyingine lina maana. Kwenu nyinyi ni kukodi mara mbili, gari la watu sita, viti viwili vya watoto, na ofisi ya kukodisha ambayo Jumamosi huenda inafunga mchana. Liacheni.

Basi pigeni hesabu mbili kwenye karatasi moja, ukae na shemeji. Ya kwanza: hoteli ya kawaida yenye maegesho ya bure ya usiku mmoja, jumlisha bandari siku 8. Ya pili: kifurushi, jumlisha siku za ziada, jumlisha basi kwa watu sita kwenda na kurudi, jumlisha bakshishi ya dereva. Tofauti mtakayoiona ndiyo bei ya kutopanda basi na mama, watoto na mabegi. Kwa familia kama yenu tofauti hiyo hupungua sana, na wakati mwingine inageuka.

Mkiamua kuegesha bandarini, hoteli inakuwa rahisi. Hamhitaji tena ya karibu na bandari, ambayo huwa ghali kwa sababu ya jina tu. Tafuteni ya mwendo wa dakika 20 hadi 30 kwa gari, na iwe upande ule wa mji ambao asubuhi hautawalazimu kuvuka katikati ya jiji. Kama bandari iko kisiwani au ng'ambo ya daraja, kama PortMiami ambayo inaingiliwa kwa daraja na handaki, jua kwamba asubuhi ya Jumamosi kila mtu anabanwa kwenye shingo hiyo ya chupa. Ongezeni nusu saa. Tahadharini na hoteli za uwanja wa ndege. Ni nzuri, safi, bei zake wikiendi huwa nafuu, lakini basi lao la bure ni la uwanja wa ndege. Wageni wengi husoma "usafiri wa bure" na kumalizia wenyewe "hadi bandarini". Nyinyi mna gari, kwa hiyo haiwahusu, ila usije ukailipia kama sifa.

Chumba kwa watu sita ni mtihani. Vyumba vingi vinaruhusu wanne, na ukiingiza wa tano na wa sita kimyakimya unaweza kukuta wanatozwa au wanakataliwa mapokezi, usiku, watoto wamelala mabegani. Ombeni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kati yao, na usiridhike na neno "tutajitahidi". Vyumba vinavyopakana si lazima viwe na mlango huo. Watu wa mapokezi wenyewe huvichanganya. Ipigie simu hoteli yenyewe, siyo tovuti ya kuuzia vyumba, siku chache kabla, uulize namba za vyumba kama zimeshapangwa. Kwa ajili ya mama, omba karibu na lifti na bafu lenye mahali pa kushika, kwa sababu kukanyaga ukingo wa beseni la kuogea ndiko kunakouma magoti. Na uliza kifungua kinywa kinaanza saa ngapi Jumamosi. Kuna hoteli zinazochelewesha wikiendi.

Hoteli iwe na bwawa la kuogelea. Hili nalisema kwa ajili ya huyo wa miaka miwili. Kwenye meli nyingi watoto wanaovaa nepi hawaruhusiwi kuingia kwenye mabwawa ya kawaida, hata wakiwa na nepi za kuogelea. Ni kanuni ya afya, na melini inafuatwa bila mzaha. Baadhi ya meli zina sehemu yao ndogo ya maji, nyingine hazina. Kwa hiyo bwawa la hoteli Ijumaa jioni huenda likawa ndilo bwawa lake pekee la safari nzima. Fikeni saa kumi jioni, aogelee, ale, alale.

Weka nafasi ile inayoweza kughairiwa hadi siku moja au mbili kabla, hata kama ni ghali kidogo. Meli hubadilishiwa ratiba. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kipindi hicho meli inaweza kuondoka siku moja baadaye au kurudi imechelewa. Usinunue chumba kisichorudishwa hela kwa ajili ya kuokoa bei ya chakula cha mchana. Na mkifika, mapokezi watazuia kiasi fulani kwenye kadi yenu kama dhamana, kwa vyumba viwili ni mara mbili. Kinaachiwa baadaye, ila siku hizo chache hakitumiki. Mpange msije mkakwama getini pa maegesho asubuhi na kadi hiyohiyo.

Gari lenyewe liandaeni kabla ya kuliacha. Jazeni mafuta Ijumaa ili mkirudi muwe na haraka ya kwenda nyumbani tu. Betri kongwe ikae siku nane, taa ya buti imebaki inawaka kwa sababu mtoto hakufunga vizuri, huo ndio mwisho wake. Kama betri ina miaka mingi, ipimwe kabla ya safari. Gari la umeme liacheni na chaji ya kutosha kurudi hadi kituo cha kwanza, mzime zile kamera za ulinzi zinazokula chaji likiwa limesimama. Pigeni picha namba ya ghorofa na ya nafasi, siyo picha ya gari tu; picha ya gari jeupe kati ya magari meupe haisaidii. Tiketi ya maegesho isibaki kwenye dashibodi. Ipigwe picha kisha ikae na pasipoti. Ufunguo mmoja uwe kwenye kisanduku cha usalama cha kabini pamoja na pasipoti, wa akiba kwenye mkoba wako. Usiku wa mwisho mtatakiwa kuweka mabegi makubwa nje ya mlango wa kabini, yanachukuliwa na mtayakuta chini asubuhi. Ufunguo uliofichwa "mahali salama" ndani ya sanduku hupatikana kwa kumwaga nguo zote sakafuni ukumbi wa forodha.

Jumamosi ya kupanda, mkoba wa mkononi uwe na pasipoti na karatasi zote, dawa za mama, nepi, nguo za kuogelea za wakubwa na vazi moja moja la kubadilisha, kwa sababu kabini mara nyingi hufunguliwa saa saba au saa nane mchana na mabegi yanafika baadaye. Kama muda wenu wa kupanda ni saa sita mchana, hakuna faida kufika saa nne, mtasimamishwa. Ombeni hoteli muda wa kutoka hadi saa tano, watoto wachoke bwawani badala ya kuchoka kwenye foleni.

Kwa mama, ombeni msaada wa kiti cha magurudumu kwa kampuni ya meli wiki kadhaa kabla, hata kama anatembea. Kutoka lango la jengo hadi mlangoni mwa meli kuna umbali ambao hakuna picha ya matangazo inayouonyesha, na zile njia za kupandia huwa na mwinuko. Usisubiri kuomba siku hiyohiyo. Vinapatikana, lakini kwa foleni.

Nimebakiza kurudi, ambako hukuuliza, lakini naona ndiko kwenye hatari ya kweli kwa barabara yenu. Meli ikifika alfajiri haina maana mnashuka alfajiri. Wanaobeba mabegi yao wenyewe hutangulia; wengine hushuka kwa makundi hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Nyinyi na mama mtashuka na kundi lenu la msaada, msishindane. Mkihesabu mabegi, forodha na gari, mtakuwa barabarani saa nne au saa tano. Ukungu nao upo: bandari za Galveston na Tampa kule Marekani, miezi ya baridi, ukungu unaweza kufunga njia ya meli na mkakaa nje baharini mkiiangalia bandari kwa masaa. Maegesho yanaongezeka siku, na nyumbani hamfiki kabla ya giza.

Kwa hiyo usiku wa mwisho melini shemeji alale mapema, na kama wewe una leseni mgawane usukani nusu kwa nusu. Hoteli ya pili ya Jumamosi msilipie. Chagueni tu mji ulio nusu ya njia, wekeni pale nafasi ya kughairi bure hadi siku hiyohiyo jioni kama mtaipata, na mkifika hapo mchana mkiwa wazima, ghairini kwa simu mkiendelea na safari.